Vipi Huko Juu?

Jumapili, 1 Desemba

Mama mkwe amenipa daftari hili asubuhi. "Mwanangu, andika humu," amesema, "maana sufuria zangu zimechoka kusemeshwa." Ni kweli, nikikasirika huwa nasema na vyombo. Kikombe kinaweza kupewa karipio lililokuwa la mkuu wangu wa kazi. Basi nianze na mwenye zawadi mwenyewe: leo amehamishia sufuria kubwa kabati la juu, na anajua fika kwamba sifiki.

Tunaishi wanne: yeye, mimi, mwanawe na binti yetu, ambaye tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi ila akilala. Mwanawe, yaani mume wangu, anaezeka mapaa. Mji mzima unamwita Fundi, nami nimezoea. Fundi hupiga mluzi toka anapovaa soksi hadi anapozivua. Habari ikiwa njema hupiga wimbo mzima. Ikiwa mbaya, sauti moja ndefu inayoshuka. Mama yake anasema alimeza birika akiwa mdogo.

Mimi narusha maputo. Kila Jumatano, kwenye kituo cha hali ya hewa kilimani, najaza gesi puto linaloweza kujaza chumba, nalifungia kipimo cha ozoni na kuliachia. Hupanda kupita ndege za abiria mara tatu, kisha hupasuka. Njiani kipimo hunitumia habari za baridi, upepo na ozoni. Ozoni ndiyo mwamvuli wetu. Ikipungua, jua huwa na makali ambayo macho hayayaoni. Mke anachunguza mwamvuli, mume anashinda juani. Watu wametucheka sana kwa hilo.

Jumanne, 3 Desemba

Tumekwenda kwa daktari wa ngozi. Ni mama mfupi mwenye mikono ya baridi, hapotezi maneno. Ngozi ya Fundi na jua ni paka na panya tangu utotoni, na daktari huyu ameshamkata ncha ya sikio, kisha kipande cha pua. Kila akirudi nyumbani Fundi husema, "Tukiendelea hivi mtanizika kwa mafungu."

Safari hii ni mdomo wa chini. Kuna kidoa cheupe, kikavu, kama maziwa yaliyogandia hapo. Daktari amekitazama kwa kioo chake muda mrefu.

"Bado hakijawa kitu," amesema. "Kinaweza kupona, kinaweza kugeuka. Utapaka dawa mpaka majira ya machipuko. Ila jua la machipuko, theluji ikiwa bado iko chini, sitaki likiguse mpaka nikuone tena."

"Daktari, machipuko ndiyo msimu wangu," Fundi amesema. "Baridi yote nakaa bure nakuna magoti. Jua lenyewe litakuwa kali kiasi gani?"

"Inategemea mwaka." Akanigeukia. "Si wewe uko kule kwenye maputo? Wewe utamwambia."

Fundi ametoka pale akipiga mluzi na kuniita Bibi Mawingu. Amefurahi kweli. Anaona ana madaktari wawili, na mmoja anampikia.

Jumatano, 4 Desemba

Puto limepaa bila matata.

Niandike jambo hili mara moja, ili nisirudie. Jua likiikimbia ncha ya dunia wakati wa baridi, hewa ya juu kabisa huanza kuizunguka ncha hiyo kwa kasi. Vitabu vina jina refu. Sisi kituoni tunaliita Gurudumu. Gurudumu likikaza, hewa ya ndani hufungiwa kama nyama kwenye jokofu, inapoa mpaka kupita kiasi. Ndipo mawingu membamba hutokea kule ambako mawingu hayana kazi. Juu ya chembe zake inaamka klorini iliyobaki kutoka gesi za majokofu ya zamani, na jua likirudi mwishoni mwa baridi, klorini inaanza kuitafuna ozoni. Lakini miaka mingi Gurudumu huvunjika katikati ya baridi. Joto la ghafla hushuka kutoka juu zaidi, mawingu yanayeyuka, ozoni inamiminika kutoka kusini, na machipuko yanakuwa salama.

Kwa hiyo naomba livunjike. Sijaombea kitu kivunjike hivi tangu saa ya ukutani ya mama mkwe.

Mkuu wetu wa kituo tunamwita Bwana Subiri, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Nimemwuliza baridi hii anaionaje. "Subiri," amesema, akaendelea kuchovya biskuti yake.

Jioni Fundi ameuliza, "Vipi huko juu?"

"Bado mapema."

Jumatano, 11 Desemba

Gurudumu limekaza. Baridi kali juu. Chini hapa, mabomba ya choo yameganda.

Jumapili, 15 Desemba

Mama mkwe anataka dirisha la jikoni lifunguliwe, mimi nataka lifungwe. Limefunguliwa. Vita vya panzi, amesema Fundi, akaenda kulala.

Jumatano, 18 Desemba

Limekaza zaidi. "Vipi huko juu?" "Kunabana."

Jumatano, 8 Januari

Leo nimeimba barabarani, mtu mzima mimi!

Puto la asubuhi lilipofika karibu na mwisho wa safari yake, mstari wa joto ukapinda kwenye kompyuta. Ukapinda kwelikweli. Kule juu kabisa, ambako wiki iliyopita kulikuwa na baridi ya kupasua chuma, joto limepanda ndani ya siku chache kupita nilivyopata kuona. Ndiyo dalili yenyewe. Huanza juu hivyo, kisha hushuka ngazi kwa ngazi, na likifika pale ozoni inapokaa, Gurudumu kwisha habari yake.

Nimemkimbilia Bwana Subiri na karatasi niliyoichapisha, bado ina moto. Ameitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Subiri," amesema.

"Nisubiri nini tena? Si hili hapa?"

"Hilo liko juu. Halijashuka. Limewahi kutuchezea, joto la juu. Linabisha hodi halafu haliingii." Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Usimwambie mtu bado."

Nimeondoka nikisonya. Mzee huyu hata nyumba ikiungua atasema subiri tuone moshi wa rangi gani. Kuna watu waliozaliwa kwa ajili ya kuwanyima wenzao furaha.

Nimefika nyumbani, wote wako mezani. Fundi hajamaliza kuuliza "Vipi huko juu?" nami nimeshajibu: "Kuzuri! Gurudumu linavunjika. Jua la machipuko haya litakuwa la kistaarabu."

Amepiga mluzi wimbo mzima, toka mwanzo hadi mwisho, na kwa kijiko akapiga meza. Chiriku akacheza. Hata mama mkwe amecheka, akaniongezea chakula bila kuulizwa. Nimesahau kwa jioni moja kwamba hatupatani.

Ijumaa, 10 Januari

Paa la shule ya Chiriku lilianguka mwezi uliopita kwa uzito wa theluji, usiku, bahati hakukuwa na mtoto ndani. Leo Fundi amekwenda kumwona mwalimu mkuu na kuikubali kazi ya kuliezeka upya, mabati mapya, kuanzia katikati ya Machi. Wameshikana mikono. Hakuna fundi mwingine mji huu anayeweza paa la upana ule.

"Nisingekubali kama si wewe," ameniambia. Ameniambia kwa upendo. Niliona fahari.

Jumatano, 15 Januari

Joto limekwama pale pale juu. Bwana Subiri hajaniambia kitu, na ningependa aniambie.

Jumatano, 22 Januari

Joto la juu halipo. Limeyeyuka kama halikuwapo, na baridi iliyorudi ni kali kuliko ya Desemba. Gurudumu limejinyoosha, limekaa sawa, linazunguka kama jipya.

"Vipi huko juu?"

Nimesema, "Kuna mabadiliko madogo." Mabadiliko madogo! Nimejidharau, nikaisukuma sahani.

Alhamisi, 30 Januari

Niandike taratibu.

Jua limeonekana kidogo mchana, likashuka nyuma ya mapaa. Nilikuwa bado niko kazini nikifunga mitungi ya gesi. Nikasikia kelele mjini, si kelele za ugomvi, za furaha. Nilipotoka nikaona watu wamejaa barabarani, wengine na viatu vya ndani kwenye theluji, wote wanatazama magharibi na simu zao juu.

Mawingu yalikuwa yanawaka. Sijui niseme rangi gani, maana zilikuwa zote: waridi, kijani, zambarau, zikitiririka pamoja kama mafuta juu ya dimbwi. Jua limeshazama, sisi wa chini tuko gizani, lakini kule juu sana bado kuna mwanga, na mawingu hayo yameushika. Watu wanayaita mawingu ya lulu. Muuza mikate alikuwa analia machozi kwa uzuri wake. Mwalimu mmoja amewatoa watoto wa bweni wote nje, wamepanga mstari, wanaimba.

Fundi alikuja mbio akiwa amembeba Chiriku mabegani. "Mke wangu, tazama! Tazama! Umewahi kuona?" Akapiga mluzi, ule wimbo wake mzima.

Nimewahi kuyaona mara moja, nikiwa mwanafunzi, na mwalimu wangu alitukataza kushangilia. Mawingu haya hayatokei ila hewa ya juu ipoe kupita kiasi kabisa. Kila rangi ile ni meza iliyoandaliwa. Juu ya meza hiyo klorini inakaa, inangoja jua.

Nikaanza kulia. Fundi akadhani ni uzuri, akanikumbatia kwa mkono mmoja, Chiriku akanipangusa machozi kwa glovu yake. Mimi nikamwacha adhani hivyo.

Mama mkwe peke yake ndiye hakutazama mawingu. Alinitazama mimi. Jikoni baadaye amesema, "Hayo si machozi ya furaha. Mimi nimezika watu, nayajua."

Nimemwambia yote. Amekaa juu ya gunia la viazi. Kisha amesema, "Mwambie mwanangu mwenyewe. Mimi sitakusaidia katika hilo." Amelifunga dirisha bila kuombwa.

Ijumaa, 31 Januari

Nimemwambia. Amepiga mluzi wa sauti moja ndefu, inayoshuka. Kisha akasema, "Basi. Bado Machi iko mbali. Linaweza kuvunjika, si ndiyo?"

"Linaweza."

Jumatano, 5 Februari

Halijavunjika.

Jumatano, 12 Februari

Halijavunjika. Siku zinarefuka. Watu wa mjini wanalifurahia jua, wanaweka viti nje ya milango na kufunga macho kama paka. Mimi nikipita nawaona kama watu wanaonyweshwa sumu kwa kijiko.

Jumatano, 19 Februari

Halijavunjika. Bwana Subiri ameniletea chai mezani kwangu. Hajawahi. Amesimama pale, akasema, "Ilinipasa nikuambie kwa nguvu zaidi siku ile. Nina tabia ya kusema kidogo."

Nimemwambia hakuna kosa lake. Na ni kweli. Miaka yote nimemwona mwoga anayejificha nyuma ya neno moja, kumbe ndiye pekee kituoni asiyewahi kumwahidi mtu hewa. Chai ilikuwa baridi, nimeinywa yote.

Jumapili, 23 Februari

Mama mkwe na mimi tumeshona kofia. Ukingo mpana, kitambaa kinachoshuka nyuma mpaka mabegani, kamba ya kufunga chini ya kidevu. Yeye ameshona, mimi nimepima kichwa cha Fundi akiwa anapinga. "Nitaonekana kama mfugaji nyuki," amesema. "Afadhali nyuki," mama yake amemjibu.

Tumeshinda siku nzima meza moja bila kugombana. Anashona vizuri sana. Sikuwahi kumwambia hivyo, leo nimemwambia, na amejifanya hakusikia.

Jumatano, 5 Machi

Mstari wa ozoni huwa una kitambi. Ndivyo ninavyowaeleza wanafunzi wakija kututembelea: chini mwembamba, katikati unatoka tumbo pale ozoni ilipo nyingi, juu mwembamba tena. Mzee mmoja aliyeshiba.

Leo kitambi kimeliwa. Katikati yake, pale kinapokuwa kinene zaidi, mstari umerudi ndani kana kwamba mtu ameung'ata. Nilidhani kipimo kimeharibika. Tukarusha cha pili mchana, jambo ambalo hatulifanyi. Kikaonyesha vile vile.

"Vipi huko juu?"

Safari hii nimemkalisha. Nimemchorea mstari juu ya bahasha. Nimemwambia, "Mume wangu, nakuomba. Nilikosea. Nenda ukamwambie mwalimu mkuu kazi ingoje Mei. Sema mke wako alikudanganya, sema chochote."

Ameutazama mchoro. "Watoto wanasoma kwenye ukumbi wa kanisa," amesema, "mia mbili, na koti mwilini. Mabati yameshafika. Nimemshika mkono yule mtu."

"Mkono! Na mdomo wako je?"

"Ahadi ni deni."

"Nani aliyekudai? Mimi ndiye niliyekutia maneno!"

"Hukunitia maneno. Ulikuwa na furaha." Amesema hivyo kwa upole, na ningependa angenipigia kelele. "Nitavaa kofia yenu. Nitapaka hiyo dawa ya jua mpaka niwe mweupe kama chaki. Sawa?"

Nimesema sawa.

Jumatano, 12 Machi

Kitambi kimeliwa zaidi. Magazeti yameandika kidogo, ukurasa wa ndani, chini ya habari za mpira.

Jumatatu, 17 Machi

Ameanza. Amepanda na kofia yake, wanafunzi wamemcheka, amewapungia mkono. Nimemwona kutoka kilimani kwa darubini ya kituo. Bwana Subiri alinikuta, akajifanya anatafuta kalamu, akatoka.

Jumatano, 19 Machi

Theluji bado ipo. Jua kali, anga bluu tupu.

Jumatano, 26 Machi

Ni mbaya kuliko mwaka wowote wa kazi yangu. Pale katikati karibu hakuna kitu. Kwenye kompyuta mstari unashuka mpaka unakaribia kugusa ukuta wa sifuri, unatambaa hapo, kisha unapanda. Nilikuwa natazama mstari huo na kusikia nyundo ya Fundi kutoka bondeni, bati kwa bati. Nilijiambia: kofia ipo. Kofia ni pana. Nilimpima mwenyewe.

Jumapili, 30 Machi

Leo mezani Chiriku amesema, "Baba, kwa nini umeungua upande wa chini?"

Sote tukamtazama. Juu Fundi ni mweupe kabisa: paji la uso, mashavu, pua, kila kitu kilichokaa chini ya ukingo wa kofia. Lakini chini ya kidevu amewiva, mwekundu, ngozi imeanza kutoka. Ndani ya matundu ya pua, mwekundu. Na mdomo wa chini umevimba, umepasuka.

"Baridi tu," amesema Fundi. "Upepo."

Niliacha kijiko. Jua lilikuwa linatoka chini. Kwenye theluji, na kwenye mabati mapya yanayong'aa, naye ameinama juu yake tangu asubuhi hadi jioni, uso kwa uso, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Mwanga ulishuka kutoka mwamvuli uliotoboka, ukagonga chini, ukapanda ukaingia chini ya kofia yetu. Dawa ya jua mdomoni haikukaa, maana anapiga mluzi. Kila akilowesha mdomo anaifuta.

Daktari alitaja theluji. Alitutajia siku ile ya kwanza, na mimi niliyesomea mwanga na hewa nilikuwa pale nimekaa, masikio mawili kamili. Nimetazama juu miezi minne. Hata shingo inaniuma kwa kutazama juu. Sikutazama chini mara moja.

Mama mkwe aliinuka, akaichukua kofia kwenye msumari, akaigeuzageuza, akairudisha. Ushonaji ule mzuri wote.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekwenda shuleni mwenyewe, nimesimama chini ya ngazi mpaka Fundi akashuka. Mwalimu mkuu alikuja, nikamweleza mbele yake. Maskini, yule mtu aliishiwa rangi. "Lakini kwa nini hukuniambia, Fundi? Tungengoja!" amesema. "Tungengoja hata mwaka!"

Fundi alitazama viatu vyake. Mistari mitatu ya bati tu ndiyo ilibaki.

Jumatano, 9 Aprili

Puto limepaa. Bado vibaya.

Kidoa cha mdomo kimekuwa kidonda, kigumu, kinatoka damu akila. Daktari amekata kipande akapeleka kupimwa. Amepapasa shingo ya Fundi chini ya taya, upande wa kushoto, akarudia, akarudia tena. Mikono yake ya baridi. Nikajua kuna kitu.

Jumatano, 16 Aprili

Ni saratani, na imeshuka kwenye tezi ya shingo.

Nimemwuliza daktari wakati Fundi anavaa koti: "Ni paa lile?"

"Ngozi inaweka hesabu ya miaka mingi," amesema. "Siwezi kukuambia ni paa lile." Akanawa mikono, akaipangusa kidole kimoja kimoja. "Wala siwezi kukuambia si lenyewe."

Ningependelea la kwanza au la pili. Amenipa yote mawili niyabebe nyumbani.

Njiani Fundi hakusema ule utani wake wa mafungu. Nilikuwa naungojea kila kona.

Jumapili, 20 Aprili

Mama mkwe amerudisha sufuria kubwa kabati la chini. Nimeikuta asubuhi, pale pale mahali pake. Nimekaa sakafuni mbele ya kabati wazi, nikalia mpaka Chiriku akaja kukaa pembeni yangu. Hakusema neno. Hata yeye.

Jumatano, 23 Aprili

Gurudumu limevunjika.

Hivi hivi, baridi ikiwa imekwisha, lilipokuwa halina maana tena kwa mtu. Kituoni wamepigiana makofi. Hewa ya kusini inamiminika, kitambi cha mstari kimerudi, kinene, kimeshiba, kama hakijawahi kung'atwa. Kijana wa kompyuta amesema, "Dada, tazama, uzuri huo!" Bwana Subiri amemshika bega akamtoa chumbani.

Fundi yuko hospitali. Wamemkata leo.

Jumatano, 30 Aprili

Amerudi nyumbani. Wameondoa zaidi ya nusu ya mdomo wa chini, na tezi za shingo upande mzima, na wakavuta shavu ili kuziba. Mwezi ujao wataanza kumpiga mionzi. Daktari amesema nafasi ni "si mbaya", na nimeshajifunza kumsikiliza daktari huyu kwa makini: hakusema nzuri. Fundi bado hazungumzi. Anakunywa supu kwa mrija, akiwa amekaa karibu na dirisha, pazia limefungwa.

Nje hakuna theluji tena. Kutoka kilimani paa la shule linang'aa, limekamilika; mistari mitatu ya mwisho mwalimu mkuu aliita watu wa mji wa pili. Watoto wamesharudi ndani.

Nimerudi kazini jioni. Nilipovua viatu, Fundi amenitazama, akainua kidole kuelekea dari. Ndivyo anavyouliza sasa.

Nilisimama na kiatu mkononi. Nilitaka kusema lolote lingine. Lakini nilishamdanganya mara moja kwa furaha, na sitamdanganya tena kwa huruma.

"Kuzuri," nimesema. "Kuzuri sana. Mwamvuli umejaa."

Ametikisa kichwa polepole, kwa sababu ya mishono. Kisha nikaona macho yake yanacheka, na kile kilichobaki cha mdomo kinajikusanya, kama alivyozoea miaka yote akipewa habari njema. Akapuliza. Ikatoka pumzi tupu.

Jikoni mama mkwe alikuwa anaosha vyombo. Alifunga bomba ili asikie vizuri. Akangoja. Halafu akalifungua tena.